Mitaa Isiyokutana

Nilipopangiwa kufundisha Kariakoo, miaka ile ya hamsini, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Nilitoka chuo cha ualimu moja kwa moja, na kabla ya hapo sikuwahi kuishi mahali ambapo ukifungua dirisha huoni mlima. Kwetu ni Usambara.

Shuleni mwalimu mwanamke nilikuwa peke yangu. Wakati wa mapumziko wenzangu, wanaume watu wazima, walikaa kwenye benchi nyuma ya ofisi wakinywa chai na kubishana habari za mpira. Hawakunifukuza. Walinisogezea kiti kwa heshima, kisha wakanyamaza mpaka nilipomaliza chai yangu. Baada ya wiki mbili nikawa nainywea darasani.

Chumba nilikipanga katika nyumba ya Mtaa wa Sikukuu, nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Wanawake wa nyumba ile walipikia uani, kila mtu na jiko lake, maneno na vicheko vikipita juu ya masufuria. Siku ya kwanza nilitoka na jiko langu. Nikasema jambo, silikumbuki tena, na mmoja wao akacheka jinsi nilivyolitamka kwa Kiswahili changu cha milimani. Hakuwa na nia mbaya. Lakini kesho yake nilipikia chumbani, na kesho kutwa pia. Nikasikia naitwa mwalimu mwenye maringo. Sikuwa na maringo, nilikuwa na haya tu.

Darasa langu lilikuwa la tatu, watoto arobaini na kitu. Walikuwa wamefundishwa kuitika pamoja. Ukiwauliza wote, wanajibu kwa sauti moja mpaka bati linatetema; ukimwuliza mmoja, anainamisha kichwa. Wakiandika, kila mmoja alizungushia mkono daftari lake ili jirani asione. Niliwatazama wakiwa wamebanana wanne wanne katika dawati moja, kila mtu na lake, nikahisi najiona mimi mwenyewe.

Basi katika somo la jiografia nikaamua tuchore ramani ya mtaa wetu. Nikamwomba Mhindi mwenye duka la pembeni karatasi za kaki, zile alizofungia sukari, akanipa bunda zima bila kuuliza la nini. Nikagawa darasa katika makundi manne, kila kundi na upande wake. Waende wakatazame, wahesabu hatua, warudi wachore. Ijumaa tutaunganisha.

Ijumaa tukaziweka zile karatasi sakafuni, zikigusana. Hakuna mtaa hata mmoja uliokutana na mwenziwe. Mtaa wa Kongo ulitoka kwenye karatasi moja ukagonga ukuta wa msikiti kwenye karatasi ya pili. Masoko yakawa mawili.

"Mtaa wetu mmeupeleka wapi?" akauliza binti wa muuza vitumbua, mtoto mwenye maneno kama maji ya bomba.

"Kwetu haukuja," akajibu kiongozi wa kundi la pili, msichana mkimya aliyejua kuchora kuliko wote.

"Haukuja? Una miguu?"

Darasa likalipuka. Huyu anavuta karatasi, yule anavuta, mpaka ikachanika katikati. Hapo mwalimu mkuu akasimama mlangoni.

"Mwalimu, hili ni darasa au mnada?"

Akawatazama watoto, akanitazama mimi.

"Mtoto hujifunza kwa kusikiliza," akasema, akaenda zake.

Watoto walikuwa wameganda, wakingoja niwaambie wafunge mikono. Na kweli maneno hayo yalikuwa mdomoni. Badala yake nikauliza, kwa sauti ndogo, "Nani alikwenda kwa jirani yake kumwuliza mtaa wake unaishia wapi?"

Yule mkimya akasema, "Hakuna aliyeuliza, mwalimu."

Tukaanza upya. Nikaweka sharti moja: kabla ya kuchora ukingo wa karatasi, mtu mmoja aende kundi la jirani, aulize, asikilize, arudie alichoambiwa mpaka mwenzake aseme ndivyo. Na tufanye kwa kunong'ona, ofisi isitusikie. Wale wasichana wawili niliwaketisha pamoja. Siku mbili hawakusemezana. Siku ya tatu nikiwa nafuta ubao nikamsikia mkimya akisema, "Wewe sema, mimi nichore. Lakini sema polepole." Yule mwenye maneno akajaribu. Ilimtoa jasho.

Mitaa ilipoanza kukutana, watoto wakataka kuweka nyumba zao. Ndipo binti wa muuza vitumbua akaniuliza, "Na wewe mwalimu, unakaa wapi tukuweke?"

Nikamwambia.

"Huko tulipita. Hatukukuona."

Jumamosi asubuhi nilikuwa chumbani nakunja nguo nikasikia hodi mlango wa mbele. Sikushughulika, miezi minane niliyokaa pale hakuna hodi iliyokuwa yangu. Mwenye nyumba akaita, sauti imejaa mshangao, "Mwalimu! Una wageni."

Walikuwa wale wawili. "Shikamoo mwalimu," wakasema pamoja. "Marahaba." Nikawatolea kiti, wakakataa, walikuwa kazini. Mmoja alihesabu madirisha, mwenzake akaandika. Kisha mkimya akauliza, "Chumba hiki cha jirani anakaa nani?"

"Sijui," nikasema.

Akanitazama. "Hukumwuliza?"

Mwenziwe hakungoja jibu, alikwisha fika uani. Nikamsikia akiamkia, akiulizwa mama yake hajambo, akicheka. Akarudi na habari zote.

"Ni mtu wa Rufiji, mwalimu. Mumewe anafanya kazi bandarini. Mtoto wao alishikwa na surua mwezi uliopita, karibu afe."

Mwezi mzima nilikuwa namsikia yule mtoto akilia nyuma ya ukuta wangu. Nilichofanya ni kusogeza kitanda upande wa pili.

Ramani ilipokwisha tuliibandika ukutani kwa uji wa ngano. Mwalimu mkuu akaja, mikono nyuma, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mbona soko kubwa kuliko shule?"

Nilidhani wataitika wote. Akasimama mmoja akaeleza jinsi walivyohesabu hatua. Akasimama wa pili akamsahihisha, taratibu. Mwalimu mkuu akasema "Haya," basi. Lakini tangu siku hiyo hakuja tena kusimama mlangoni.

Mimi nilichelewa. Jioni ya Jumamosi ile nilitoka uani, nikamwuliza yule mama wa Rufiji, "Mtoto hajambo?"

"Hajambo, mwalimu. Ahsante." Akapangusa kigoda kwa khanga, akanipa. Wenzake wakanyamaza. Nikakaa, nikatazama mchuzi wa mtu mwingine ukichemka, nikaaga. Nilipoingia ndani nikasikia mazungumzo yakianza tena.

Nilirudi mara nyingine, na nyingine. Wakawa wananisalimu vizuri, wakaniletea futari Ramadhani ilipofika, sahani imefunikwa kawa. Lakini kigoda kilipanguswa kila mara. Niliwazoesha hivyo mwenyewe, na miezi mitatu iliyobaki haikutosha kuwazoesha vinginevyo. Jumamosi nilikuwa nasikiliza mlango wa mbele nikidhani watoto watakuja tena. Hawakuja, nyumba yangu walikwisha ichora.

Mwaka ulipokwisha nikahamishiwa Korogwe. Yule mama alinibebea sanduku mpaka kituo cha basi. Njiani hatukuzungumza sana. Basi lilipokaribia kuondoka ndipo aliponiuliza, kwa aibu kidogo, jina langu nani.