Chupa ya Namba Tisa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema mapema ili usinitarajie vituko vya mjini. Nilizaliwa kambi ya polisi, tukahamia Kisugu, hapa Kampala, baba alipostaafu, na tangu hapo sijaona sababu ya kwenda mbali zaidi. Sinia foo, yaani kidato cha nne, niliimaliza kwa alama ambazo mama anaziita "za kutosha kusoma ratiba ya televisheni." Hata kwenye mpira nilichagua golini, kwa kuwa ndipo mahali pekee uwanjani ambapo mtu analipwa kukaa mlangoni kwake na kufukuza wageni.

Tena nilikuwa kipa wa pili. Ni kazi nzuri kwa mtu kama mimi: unavaa glavu, unakaa benchi, unalaumu. Timu yetu ya wanawake ilikuwa ligi ya juu, na tulikuwa na mikataba ya karatasi kabisa, yenye mhuri. Kurasa nne za Kiingereza. Mimi na Kiingereza changu tulifika ukurasa wa pili tukachoka, tukasaini. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba mchezaji akishika mimba, mkataba umekufa siku hiyo hiyo.

Ili ukurasa huo usikae bure, kila msimu kabla ya majina kupelekwa shirikisho la mpira, meneja alitupima. Siku haitajwi. Unafika mazoezini Jumatatu asubuhi, unamkuta musawo, yule nesi wa klabu, ameketi chini ya jukwaa na meza ya plastiki, vijiti vya kupimia, na chupa ndogo za juisi zilizooshwa. Kila chupa imebandikwa plasta yenye namba ya jezi. Unachukua yako, unakwenda kuijaza, unairudisha. Kwa afya yenu, alisema meneja. Alisema kwa Kiganda, kwa sababu alikuwa na furaha. Kiswahili alikitunza kwa hasira, kama wazee wengi wa hapa waliojifunza lugha hii kwenye vizuizi vya wanajeshi barabarani.

Sasa, choo cha uwanja ule hakikuwa na komeo. Kwa hiyo tuliingia wawili wawili: mmoja anachuchumaa, mwenzake anazuia mlango kwa mgongo. Ukimwuliza mchezaji wa timu ile rafiki yake ni nani, alikutajia mshika mlango wake. Wangu alikuwa namba tisa.

Namba tisa ndiye aliyekuwa timu, sisi wengine tulikuwa uzio. Tulikua naye kambini, baba zetu polisi wote, wake mtu wa kaskazini, mrefu kama nguzo ya simu, na yeye akarithi miguu. Ndiye aliyenifundisha kuruka, kwenye uwanja wa gwaride, kwa kunipigia mipira usoni mpaka nikajifunza kuinua mikono. Miaka yote klabu ilimpa mkataba wa msimu mmoja mmoja, kama mtu anayekodi baiskeli. Safari hii walikuwa wamemwandalia wa miaka miwili. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Kwa mshambuliaji huo ni umri wa kusaini au kunyamaza, na usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Jumatatu ile nilipokuwa nimeegemea mlango, alisimama tu ndani na chupa yake tupu.

"Kipa," alinong'ona, "nimechelewa siku kumi na moja."

"Umechelewa wapi?"

"Wee! Siku zangu, mjinga. Nipe wako."

"Mkojo wangu?"

"Sasa wa nani? Timu nzima mkojo wa kuaminika ni huo. Wewe hata mbu hawakujui."

Sikuona tusi, niliona sifa. Tulibadilishana nafasi, yeye akashika mlango, mimi nikaijaza chupa ya namba tisa hadi shingoni, kwa upendo wote. Nilipofika kwenye chupa yangu mwenyewe, yalitoka matone matatu. Nje wenzetu walikuwa wanapiga mlango: "Nyie mnazaa humo?" Nikaongeza maji ya dumu la kunawia, nikatikisa. Ilifanana na chai ya hospitali.

Nilichokisahau ni fundi wa dishi. Alikuja kwetu mara tatu kurekebisha dishi ambalo lilikuwa limepona mara ya kwanza, na mara zote mama alikuwa Nateete sokoni. Watu wakisema fulani hatoki nyumbani hudhani amemaliza kila kitu. Mimi nilidhani hivyo pia. Siku sikuwahi kuzihesabu. Niliona kuhesabu ni kwa watu wenye mambo.

Tulipanga mstari. Musawo alichovya kijiti, akasubiri, akasoma namba kwa sauti. "Namba mbili, safi. Namba saba, safi." Alipofika yangu, ishirini na mbili, alisema safi na mtu nyuma akasema, "Hiyo hata msingepoteza kijiti." Watu walicheka. Kisha akachovya namba tisa, akachovya kijiti kingine, akakisukuma kwa meneja.

Meneja alikiinua juu tukione.

"Kapteni wetu," alisema, "msimu haujaanza na tayari kafungwa bao. Tena la nyumbani!"

Timu ilianguka kwa kicheko. Wapo walioshika kiuno, wapo walioshikana mabega. Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilijua tangu kijiti cha pili, nikaona mistari ile miwili na nikajua ni ya nani. Na nilicheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote, maana nilihisi atakayenyamaza ndiye atakayetazamwa.

Yeye hakucheka. Alinitazama mara moja tu, akavua kitambaa cha unahodha, akamwekea musawo mezani kati ya chupa.

Angeweza kunitaja pale pale. Baadaye alinieleza kwa nini hakunitaja: alidhani tuko wawili. Alidhani yake ipo na yangu ipo, kwa hiyo kunivuta mimi kusingemwokoa yeye.

Jumatano alikuja Kisugu. Mama alimpokea kwa shangwe, akamwekea maharage, akamwambia mimi niko chumbani ninapolindwa na kuta. Aliingia, akafunga mlango, akauzuia kwa mgongo wake kama choo cha uwanjani.

"Zimekuja," alisema. "Leo asubuhi. Sina kitu."

"Hongera," nilisema. Sijui kwa nini nilisema hongera.

"Ni mazoezi tu. Mwili ulichoka ukaruka. Nimepitia kliniki wameniandikia karatasi. Halafu nikaenda Wandegeya kwa yule dada wa kuchapa, anayewachapia wanafunzi wa sheria kazi zao. Nikampa mkataba wangu ausome. Kipa, ulisoma ukurasa wa tatu?"

"Niliuona."

"Anasema huo ukurasa hauna nguvu. Sheria za mpira za dunia nzima zinakataa. Mchezaji akiwa na mimba hafukuzwi. Anapewa likizo na mshahara, wiki kumi na nne, na akirudi nafasi yake ipo. Na hakuna ruhusa ya kumpima kwa lazima. Umesikia? Wewe hawawezi kukugusa."

Nilitazama tumbo langu. Lilikuwa bado linafanana na tumbo la mtu aliyekula maharage.

"Nenda kesho," alisema. "Mwambie meneja chupa ilikuwa yako, nilikuomba mimi, kosa langu. Watatukimbiza mizunguko thelathini, watatutukana kwa Kiswahili, basi. Wewe sheria inakulinda. Mimi jina langu linaingia kabla ya Ijumaa. Tunapona wote wawili."

"Nitakwenda."

"Apa."

"Wallahi."

"Wewe si Mwislamu."

"Basi naapa kwa mama."

Alicheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alinipiga kofi la kichwa kama zamani. Alipokuwa anatoka alimwambia mama, "Mama, kesho huyu anatoka nje, usishtuke." Mama akasema atachinja kuku.

Alhamisi niliamka mapema. Nilioga, nikavaa, nikafunga kamba za viatu. Nilifika hadi getini. Hapo nikaona mapazia ya sebuleni kupitia dirishani, yalikuwa machafu kwa kweli. Nikarudi nikayafua. Mapazia hukauka polepole, mtu hawezi kuyaacha.

Nisijitetee. Sikuogopa sheria, sheria ilikuwa upande wangu. Sikumwogopa hata mama, ambaye baadaye alilia dakika kumi tu kisha akauliza kama dishi angalau linafanya kazi. Nilichoogopa ni kicheko. Nilikuwa nimekisikia kutoka ndani yake, nikajua kilivyo kitamu kwa anayecheka. Niliwaona wote wakiinama kwa ajili yangu: huyu, hata huyu! Namba tisa alikuwa mzuri, maneno yao yangemdondoka kama maji. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu timuni, kwamba sikuwa na habari.

Ijumaa mama alinikuta mezani nimevaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Siendi."

"Viatu vinajua?"

Simu ilianza kutikisika saa nne. Namba tisa. Niliitazama ikitembea yenyewe juu ya meza hadi ukingoni, nikairudisha katikati. Ilitembea tena saa sita, saa nane, saa tisa na nusu. Saa kumi alituma ujumbe: *Niko nje ya ofisi. Uko wapi?* Nikaandika *Niko njiani.* Nilikuwa nakunja mapazia.

Nusu saa kabla ya usajili kufungwa aliingia peke yake na karatasi ya kliniki. Habari hii niliipata kwa musawo, aliyekuwa mle ofisini. Meneja aliisoma karatasi, akahamia Kiswahili.

"Kama huna mimba, Jumatatu uliniletea mkojo wa nani?"

"Sio wangu."

"Nauliza wa nani!"

"Sio wangu, bosi. Niandikie tu jina."

"Nitajie mtu, nikuandikie."

Musawo alisema alimwona akitazama mlango, kama anayesubiri mtu aufungue. Kisha akasema hamjui. Meneja akamwambia mwenye mimba angemwonea huruma, lakini mdanganyifu hapana, na saa ikafika. Ukitaka kucheka, cheka hapo: angekuwa na mimba kweli, sheria ya dunia nzima ingesimama nyuma yake. Kwa kuwa hakuwa nayo, hakuwa na mtu. Aliyekuwa na mtu ni mimi, na nilikuwa nyumbani na mapazia.

Hakunipigia tena. Lakini alirudi Wandegeya, akamwambia yule dada amchapie barua kwa shirikisho. Hakuomba kurudishwa. Aliandika habari ya ukurasa wa tatu na chupa za juisi, akaambatanisha mkataba. Hakuandika jina la mtu.

Barua ile ilitembea. Mimi nilivaa jezi kubwa, kisha jezi kubwa zaidi, na kipa wa kwanza alipoumia kidole nilidaka mechi mbili, nikaruhusu mabao saba. Siku meneja aliponiita ofisini, tumbo likiwa halifichiki tena, nilikuwa nimeshafungasha glavu kwenye mfuko. Nilimkuta na mtu wa shirikisho, chai, na mpiga picha.

Alizungumza Kiganda. Akaniambia klabu imerekebisha mikataba yote, hakuna tena kupima, hakuna ukurasa wa tatu, na mimi nitakuwa mchezaji wa kwanza kwenda likizo ya uzazi yenye mshahara. "Wewe ni mfano kwa mabinti," alisema. Walinipa jezi ndogo ya mtoto, namba ishirini na mbili, niishike mbele ya tumbo. Mpiga picha akasema nitabasamu. Nilitabasamu vizuri. Picha ipo, mama ameitundika ukutani chini ya waya wa dishi.

Nilijifungua msichana. Ana miguu mifupi, atakuwa kipa.

Alipofika miezi mitano nepi zilikwisha, mama alikuwa kanisani, na fundi wa dishi hupatikana tu dishi likiwa zima. Ikanibidi nitoke mwenyewe. Kuna supamaketi barabara ya juu hapo Kisugu, nilikuwa sijaingia tangu iwekewe walinzi wapya. Nilifika mlangoni na mtoto mgongoni, nikainua mikono kama kila mtu, na mlinzi aliyekuja na kile kifimbo cha kutafutia chuma alikuwa mrefu kama nguzo ya simu.

Sare ilimkaa vizuri. Sisi watoto wa kambi sare hutukaa.

"Geuka, nyabo," alisema. Nyabo, kama mama yeyote wa Kampala anayekuja kununua sabuni.

Niligeuka. Alipitisha kifimbo mabegani kwangu, kiunoni, kisha polepole mgongoni, juu ya mtoto, kichwa hadi miguu, na kurudi. Mtoto akakishika. Alimwacha akishike kidogo, kisha akakitoa kwenye vile vidole, kimoja kimoja.

Nilisema, "Siku ile nilikuwa..."

"Uko safi," alisema. "Pita. Unazuia watu."

Nikapita. Nepi nilizipata mara moja, ziko rafu ya kwanza. Ila duka lile lina mlango mmoja tu. Nilisimama kwenye sabuni, nikasoma sabuni zote, nikahamia kwenye mchele, nikarudi kwenye sabuni, mpaka mtoto akaanza kulia na watu wakaanza kutazama.