Rangi Iliyotaja Tezi Dume

Mwanangu, kaka yangu Baba Zuhura alikuwa ameshaweka dole gumba kukubali aondolewe korodani, ilhali uvimbe uliotupeleka hospitali ulikuwa shingoni.

Naikumbuka asubuhi ile. Tulikuwa tumeteremka kutoka Newala hadi hospitali moja ya Masasi. Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kilikuwa kimepelekwa Dar es Salaam, kikatiwa rangi maalumu za kutambua saratani imeanzia kiungo gani. Rangi ya tezi dume ikashika. Basi tukaambiwa ugonjwa umeanzia huko chini ukapanda shingoni, na kukata korodani, zinazotoa homoni inayoulisha, ndiko kutakakoupunguzia nguvu. Kwa kuwa kaka, kama wazee wengi, huamka usiku kukojoa, hakuna aliyeshuku. Mimi nilitazama sakafu. Kwetu dada hazungumzi mambo hayo mbele ya kaka yake.

Akaingia binamu yetu, Mama Hamisi wa Lupaso, mtani wake tangu utoto. Daktari, binti mdogo tu, alikuwa akimpima kaka presha kabla ya kumpeleka chumba cha upasuaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mume wangu mnamkata nini? Kateni kwanza ile korosho aliyoiba akaificha shavuni!"

Kaka akacheka. "Nenda zako, mchawi wewe. Inakuuma kwa kuwa hukupewa."

Daktari hakucheka. "Korosho gani?"

"Si hiyo hapo, ndani ya ndevu, mbele ya sikio! Tangu tukiwa wasichana tunamcheka nayo. Sasa imekuwa embe."

Daktari akazipangua ndevu, akabonyeza. Uso wake ukabadilika. Akatueleza kwamba hapo ndipo ilipo tezi ya mate, na saratani ya hapo nayo, mara chache, huweza kushika rangi ile ile. Waliosoma kinyama kule Dar es Salaam hawakuambiwa lolote kuhusu shavu. Upasuaji ukasimamishwa pale pale. Uvimbe ule wa shavuni nimeuona tangu ujana wangu, nikauhesabu kuwa ni sura yake tu.

Mwanangu, ukimpeleka mgonjwa, eleza habari za mwili mzima, hata kile mlichokizoea, hata kile mnachokichekea. Ukiona haya kusema, nenda na mtani wake. Na kabla hajakatwa kiungo kisichorudi, muulize daktari kwa adabu: jibu hili linaendana na hali ya mgonjwa mwenyewe, au ni rangi peke yake inayosema?

Mungu akulinde, akuzungushie watu wasiokuogopa. Umwombee pia mjomba wako. Kinyama cha shavuni nacho kimepelekwa Dar es Salaam, kikatiwe rangi nyingine. Majibu hayajarudi, na shingo inazidi kuvimba.