Teke la 458 na Nyavu za Shemeji

Bega langu la kulia liko chini kidogo kuliko la kushoto. Fundi wangu wa nguo mjini Migori aliliona kabla ya daktari yeyote. Kila akinipima koti huniuliza kama nilibeba magunia ya tumbaku utotoni. Magunia nilibeba, tena mengi, lakini si magunia yaliyolishusha. Ni bunduki.

Sidhani kuna mtu mwingine katika lokesheni yetu aliyepigwa na bunduki nyingi kama mimi bila kusimama mbele ya mtutu hata siku moja. Niliondoka nyumbani na viatu vya kuazima, nikavuka mpaka pale Isebania, nikaenda hadi kusini mwa Tanzania kubeba mizigo ya wawindaji wa kigeni. Kutoka upagazi nikapanda kuwa mfuata nyayo, kisha mbeba bunduki, na mshahara wangu mwenyewe ukanilipia chuo cha wanyamapori mpaka nikapata diploma. Hakuna harambee iliyofanywa kwa ajili yangu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Niliporudi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, idara ya wanyamapori ilinichukua, nikawa naishi Homa Bay na kuitwa kila mahali kiboko au nyati alipoharibu mambo. Kijijini kwetu nilikuwa mtu wa kwanza kujenga nyumba ya sakafu ya saruji kabla ya kuoa. Wazee walinung'unika. Nilijenga.

Lakini kutulia katika nyumba hiyo sikuweza. Nikikaa kitini, goti linacheza. Nikilala, naamka kuangalia kama mlango umefungwa. Mtu aliyezoea kusubiri mshindo hata kijiko kikianguka anafumba macho.

Bunduki ya kwanza kunipiga teke baada ya kurudi ilikuwa ya askari wa akiba karibu na Kehancha, mzee aliyelinda ng'ombe wa majirani dhidi ya wezi. Ilikuwa ya enzi za mkoloni, kitako chake kimefungwa bamba la chuma.

"Ishike kama mke wa mtu, kijana," aliniambia. "Usiikumbatie sana."

Nilicheka, nikaibana bunduki yake begani kwangu mpaka mzee akaguna. Alichokisema kilikuwa kinyume kabisa cha ukweli. Bunduki kali ukiiachia nafasi hata ya kidole, inapata mahali pa kukimbilia kabla ya kukufikia. Nilipiga kopo juu ya kichuguu, likaruka. Yeye alipopiga, alijisugua bega akifikiri siangalii.

Ya pili ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Kendu Bay, ya mitutu miwili, ya kufukuza nyani shambani. Mitutu yote ililia pamoja kwa sababu mtambo ulikuwa umelegea, nami nikaketi katikati ya mihogo kama mgeni aliyekaribishwa kiti. Hiyo sihesabu. Bunduki mbovu haimwaibishi mpigaji.

Ya tatu ndiyo tuliyokuwa nayo kazini, ya kipimo cha 458, risasi yake nene kama kidole gumba cha mvuvi. Wenzangu waliikwepa. Siku ya mazoezi kila mmoja alikuwa na homa au na shangazi mgonjwa. Mimi niliizoea, na nasema hivyo bila haya. Ila kuna jambo ambalo mtu asiyepiga bunduki za namna hiyo halijui. Anadhani tatizo la teke ni maumivu. Maumivu huja jioni, unapovua shati. Tatizo ni kwamba mtutu unaruka juu na kumfunika mnyama, macho yanajifunga yenyewe, na kwa nukta hiyo moja kila mtu aliyepo anaona kilichotokea isipokuwa wewe uliyepiga.

Ndivyo ilivyokuwa kule Sori, kando ya ziwa.

Kiboko dume alikuwa ameingia kwenye ghuba ndogo upande wa chini wa Sori, akavunja mashua moja na mguu wa mwenye mashua. Wavuvi waliacha kwenda ziwani. Dada yangu ameolewa pale, na mumewe alikuwa ameacha nyavu zake majini siku waliyofukuzwa. Nyavu za kuvulia samaki wa mbuta, ndizo mali yake yote. Ng'ombe aliowauza kuzinunua walikuwa wa mwisho. Na mwaka huo gugumaji lilikuwa limetuvamia. Lilitembea ziwani kama shamba lililong'olewa, na likipita juu ya nyavu linaondoka nazo, usizione tena.

Nilifika asubuhi, upepo ukiwa bado haujaamka. Ufuo ulijaa watu wenye visu, mapanga na mabeseni, maana kiboko akiuawa nyama ni ya wananchi. Alikuwepo hata mzee mmoja wa Kisabato.

"Jaduong', nyinyi si hamli kiboko?" nilimuuliza.

"Hatuli," akasema. "Lakini macho hayajakatazwa."

Kiboko alikuwa mbele ya mafunjo, masikio na pua juu ya maji. Nililala juu ya mwamba, nikabana kitako, nikalenga kati ya jicho na sikio, nikapiga. Mwamba ulinisukuma kwa chini na bunduki kwa mbele. Nilisikia kitu kikilia ndani ya bega kama kijiti kikavu. Nilipofungua macho, maji yalikuwa matupu, yana maduara tu yakipanuka.

Watu walipiga kelele, wakakimbilia majini. Niliruka na kuwazuia kwa mkono wa kushoto.

"Hakuna mtu kuingia! Rudini!"

"Si umempiga?" aliuliza kijana mmoja aliyekwisha kuvua shati.

"Kiboko akifa anazama. Akishazama, tumbo linavimba, anaelea. Ni saa moja, pengine mbili. Asipoelea, yuko hai na ana hasira. Tunangoja."

"Lakini wewe uliona risasi ikiingia wapi?"

Wangekuwa wamepata mtu mwingine, angesema aliona. Mimi sikutoka mbali kote kule nikalipa karo kwa jasho langu ili nije kubahatisha maisha ya watu kwa ajili ya makofi.

"Sikuona," nilisema.

Mwanamke mwenye beseni kichwani akacheka mpaka beseni likateleza. "Jamani! Sisi tumeona mtu mmoja tu akirushwa na risasi, na si kiboko!"

"Diploma inapiga macho yakiwa yamefungwa," akaongeza mwingine.

"Mwacheni, omera, ndugu yetu huyu, bega lake ndilo limekufa. Hilo halihitaji kuelea."

Niliwaacha waseme. Nilitembea kutoka mwambani hadi kwenye mashua na kurudi, kutoka mwambani hadi kwenye mashua na kurudi. Kila povu lililopasuka juu ya maji lilinisimamisha. Mkono wa kulia nilikuwa nimeuingiza kwenye mshipi wa suruali ili usining'inie, na nilihakikisha hakuna aliyejua kwa nini.

Kisha upepo ukaamka. Gugumaji lililokuwa limelala mdomoni mwa ghuba likaanza kuja, polepole, kijani kibichi, moja kwa moja kuelekea maboya ya shemeji. Maboya yenyewe yalikuwa vipande vya malapa ya zamani, mekundu na ya bluu, unaviona vikicheza kwa mbali.

Shemeji alichukua kasia, akaanza kusukuma mashua yake.

Mtu asiye wa kwetu atauliza kwa nini sikumkamata. Shemeji hakamatwi. Mume wa dada yako humshiki shati, humkemei mbele ya watu. Ukifanya hivyo umemwaibisha dada yako mwenyewe, na utalipa mbuzi kabla ya kukaribishwa tena chai. Nilimfuata hadi maji ya magoti.

"Shemeji, kwa heshima, ngoja kidogo."

"Nakusikia, shemeji. Kwa heshima, gugumaji halingoji."

"Huyu mnyama pengine yuko hai."

"Pengine. Na nyavu zile pengine hazitakuwepo." Alipanda. "Ukiwa umempiga, nitarudi. Ukiwa umemkosa, mwambie dada yako nilikuheshimu."

Alisema bila mzaha, na hilo ndilo lililonikata. Mtu huyu alikuwa anaweka uhai wake juu ya risasi ambayo mimi mwenyewe sikuiona. Niliirusha bunduki ndani, nikajivuta kwa mkono mmoja, nikaanguka kwenye sakafu ya mashua iliyonuka samaki wa juzi.

"Sasa utafanya nini humu?" aliuliza.

"Piga kasia."

Niliketi chini mbele kabisa, miguu nikiikanyagisha kwenye mbavu za mashua. Nilimweleza haraka, kwa sababu mambo hayo nilijifunza mtoni kusini, kwa watu waliozama. "Hii bunduki nikiipiga kwa ubavuni, tunapinduka sote. Nitapiga mbele tu. Nikisema geuza, wewe geuza pua ya mashua imtazame yeye, usinitazame mimi."

"Na ikikurusha nyuma?"

"Nitaangukia magotini mwako."

"Magoti yangu yanaomba radhi mapema," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

Tulikuwa karibu na boya la kwanza kiboko alipotokea. Hakuelea, alipumua. Pumzi ilitoka na matone mekundu, kichwa kikageuka kikatutazama, kikazama nusu, na maji yakaanza kuinuka kuja kwetu kama blanketi linalovutwa.

"Geuza!"

Shemeji aligeuza. Sijapata kuona mashua ikigeuka namna ile, kwa pigo moja. Nilibana kitako kwenye bega ambalo tayari lilikuwa limevunjika. Mwili wangu wote ulijua kinachokuja na ulitaka kukimbia. Shingo ilijikunja, kope zilianza kushuka. Nilizikataza. Nilimwangalia pale chini ya sikio kama mtu anayesoma herufi ndogo, nikaacha triga ije yenyewe.

Mashua ilirudi nyuma kama ng'ombe aliyekanyaga nyoka. Maji yaliingia. Niliangukia magotini mwa shemeji, bunduki juu yangu, na nililia kwa sauti, nasema kweli. Lakini macho yalikuwa wazi. Niliona ngozi ikitetemeka nyuma ya jicho, niliona kichwa kikishuka bila haraka, kama mtu anayelala.

"Amekufa?" shemeji alinong'ona.

"Amekufa."

"Unajuaje sasa, na ile saa hukujua?"

"Nimeona."

Shemeji alishika kopo na kuanza kumwaga maji nje. Alipomaliza alipiga kasia hadi kwenye boya, akainamia ukingo, akashika kamba ya wavu. Gugumaji lilikuwa limefika ncha ya mbali, linanguruma kwa vyura na panzi. Wavu ulikuwa mzito kwa samaki waliooza.

Niliiweka bunduki chini ya ubao, nikainama kando yake, nikashika kamba kwa mkono wa kushoto. Tulivuta muda mrefu, mimi nikigeuka kutazama maji kila kamba ilipotikisika, ingawa nilikuwa nimeona.

Nyuma yetu ufuo ulilipuka kwa vigelegele na mabeseni kugongwa. Nilijua tumbo limetokea juu.

"Wanakuita, shemeji," nilimwambia. "Wanataka kukushangilia kwa ile geuza yako."

"Yule sasa ni wa wenye visu," akasema, bila kuinua kichwa. "Vuta. Bado zimebaki nyavu mbili, na hili gugu halijui kwamba leo ni sherehe."