Bia Nyeusi Tuliyokataa Kumwaga

Rafiki yangu alikaanga shayiri mchana kweupe, kando ya mfereji ambapo wapangaji wote wa ploti huchota maji. Hapo ndipo tulipokosea. Nakuru ina watu wengi waliolelewa na busaa, ile pombe ya nafaka ya kienyeji, na pua zao hazisahau. Nafaka iliyochipuka ikianza kuungua kwenye karai, hakuna anayefikiria uji.

Lakini haikuwa busaa. Tulikuwa tunajaribu bia nyeusi, yenye kahawa na sukari nguru, kama ile niliyoonjeshwa na mkulima mmoja nilipokuwa kibarua upande wa Gilgil. Nimehama sana, na sehemu nyingi nimeondoka mikono mitupu. Ladha ile ndiyo kitu nilichobeba. Rafiki yangu, fundi wa kuchomelea vyuma pale mtaa wa Free Area, alikuwa na ufundi mwingine aliourithi. Mama yake alitoka magharibi akaolewa kwenye nyumba za reli, na karo ya watoto wake ilitoka kwenye busaa.

"Epua, itaungua," nikamwambia.

"Wewe kazi yako ni kuonja. Nyeusi ni nyeusi, hii bado ni ya kahawia."

Tulichemsha, tukachuja, tukatia kahawa na nguru. Ilipopoa tukaongeza hamira, tukaimimina kwenye mtungi wa plastiki. Kifunikoni tulipitisha mpira mwembamba, ncha yake tukaizamisha kwenye chupa ya maji. Asubuhi mapovu yalikuwa yanapanda, naye rafiki yangu ameketi mbele yake kama mtu anayetazama fainali.

Jumapili hiyo, watu walipotoka kanisani, mama mwenye ploti akasimama mlangoni akiwa bado na kitambaa chake cha ibada.

"Hapa kwangu si mangweni," akasema. "Mwaga hiyo pombe, ama utoe vitu vyako leo."

"Mama, siuzi. Ni ya kunywa na huyu."

"Huyu naye simjui. Mwaga nikiona."

Nilimwangalia rafiki yangu. Aliwahi kunisimulia jinsi askari walivyopindua pipa la busaa la mama yake mbele ya nyumba, majirani wakicheka, na jinsi muhula ule alivyobaki nyumbani. Nilijua hatamwaga. Nilijua pia alichofundishwa na mama yake: pombe inayotoa mapovu haisogezwi, ukiitikisa inachacha. Akimwaga, anabaki na chumba chake, hatua chache tu kutoka kazini. Akihama nayo, chumba kimeenda, na huenda bia nayo ikaharibika.

"Simwagi, mama," akasema. "Kodi nimelipa, heshima nimekupa. Hii simwagi."

"Basi toka."

"Natoka nayo."

Tulifunga godoro na nguo haraka. Mtungi ukabaki wa mwisho.

"Tuufunike na shuka?" nikauliza.

"Kwani ni maiti? Beba hivyo hivyo."

Tukaupitisha langoni, mmoja huku, mwingine kule, watu wote wametoka kutazama. Kijana mmoja akapaza sauti, "Niaje wazee, hata kikombe kimoja hamtuachii?" Mama mwenye ploti alikunja mikono. Rafiki yangu alimwambia kwaheri vizuri kabisa, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Dereva wa tuktuk alisikiliza ule mpira ukibubujika nyuma yake.

"Boss, mbona huyu abiria anapumua hivyo?"

"Endesha polepole. Ni mjamzito."

Tulivuka mji mzima hadi chumba changu cha Kiamunyi. Kwenye kila tuta rafiki yangu aliukumbatia mtungi kwa mikono miwili.

Sasa yeye hulala kwenye sakafu yangu na kuamka kabla ya jua ili afike kazini, akipanda magari mawili. Sijamsikia akilalamika. Juzi tuliona bia imetulia, tukafungua. Ilikuwa nyeusi tititi, kahawa mbele, utamu wa nguru kwa mbali, na nyuma ya hayo yote uchachu unaokaza taya. Mama yake hakukosea.

"Imechacha," nikasema.

"Najua," akajibu, akijimiminia tena. "Leta kikombe chako."