Bizimu Lisilo na Nembo

Mzee Kioo, mlinzi wa lango la kiwanda cha sabuni, jina hilo alipewa kwa sababu ya bizimu lake. Lile pande la shaba la kufungia mkanda lilimetameta hivi kwamba ungejitazama humo ukanyoa ndevu. Kila asubuhi alilisugua kwa majivu na ndimu. Marehemu baba yake, naye mlinzi, alimwambia kwamba zamani mtu alijulikana kwa bizimu: la shaba askari, la fedha bwana mkubwa, na aliyefunga kamba hana mbele wala nyuma. Tena mkanda ukizungushwa ngumini, bizimu likae nje, mwizi hukimbia mwenyewe.

Basi akasugua, akasugua, mpaka nembo ya kampuni iliyochongwa juu yake ikafutika. Bidii hiyo ndiyo iliyomponza.

Msimamizi mpya wa walinzi alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Kijana huyo kalala chumba cha uani kwa Mzee Kioo tangu yuko shule, kala, kashiba, na kazi yenyewe kaombewa na Mzee Kioo huyo huyo. Leo kapewa filimbi, basi kichwa kimevimba. Kwenye ukaguzi akasimama mbele yake.

"Nembo iko wapi?"

"Shemeji, si unajua imefutika kwa..."

"Hapa hakuna shemeji. Bila nembo, hiyo si sare, na asiye na sare hana lindo."

"Nipe jipya basi."

"Mapya ni ya vijana. Wewe umechoka. Vua, nenda nyumbani. Kazi imekwisha."

Mzee Kioo akavua. Akauzungusha mkanda ngumini, bizimu nje, walinzi wakarudi nyuma. Alitamani kuyamwaga meno yote ya shemeji. Akamfikiria mkewe, akautupa mkanda chini, akaondoka ameshikilia suruali isimdondoke, wenzake wakicheka chini chini.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja uani. Viatu, nguo, godoro la shemeji, vyote akavitupa nje. Mkewe akatoka jikoni, akamsikiliza mpaka mwisho. Hata pole hakumpa. Akainama, akalikunja godoro, akaanza kulirudisha ndani.

"Unafanya nini wewe?"

"Aliyebaki na kazi humu ndani ni nani?" mkewe akauliza. "Akirudi, umpokee vizuri."