Siku Tuliyotafuta Mwisho wa Nyumba

Makuti mapya yana harufu ya majani makavu yaliyolowa kidogo, na ndiyo iliyoijaza nyumba ya babu, Msambweni, wiki ile ya uhuru, kwa kuwa paa lilikuwa limetoka kuezekwa. Nilikuwa na miaka minane. Mji mzima ulijitayarisha kwa ngoma, na bibi alikuwa ameshapinda leso mpya ya kwendea. Babu hakutaka aende. Alikuwa mtu mwema, lakini ulimi hauna mfupa, na asubuhi ya ngoma wake uliteleza: "Ukitoka nje ya nyumba hii leo, umeachika."  Bibi alijitanda leso yake, akavuka kizingiti, akaketi barazani na kunyoosha miguu.

Hapo sote tukaganda. Ndoa ya miaka thelathini ilikuwa imekaa barazani, na hakuna aliyejua kama baraza ni ndani au nje. Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe, yaani mimi, nilitumwa mbio kumwita Mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwalimu alisikiliza, akakuna ndevu, akasema kiapo hufuata maneno jinsi watu wayatumiavyo, kwa hiyo aitwe aliyeijenga nyumba aseme inaishia wapi. Fundi Hamisi alikuja na maringo ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa jambo na mwanachuoni. Kizingiti, alitufundisha, ni mwisho wa mlango tu. Ukuta ni mwisho wa chumba. Upenu, yaani ile sehemu ya paa inayopita ukuta na kuifunika baraza, ni nyumba bado, maana unashikwa na nguzo alizozichimbia kwa mikono yake. Nyumba huishia kwenye mchirizi, pale chini maji ya mvua yanapodondoka kutoka ukingo wa makuti.

Mvua yenyewe haikuwapo. Babu akachota maji kwa kata, akayarusha juu ya paa, nasi tukainama kutazama. Matone yaliangukia vifundo vya miguu ya bibi.

"Kunja miguu, mke wangu," babu alisema.

"Nimezoea kuinyoosha," bibi akajibu.

Alimwacha aombe mara tatu, ndipo akaikunja. Mwalimu akaamua kwamba mtu yuko pale alipokalia, na kwamba siku huisha Magharibi. Hadi hapo bibi asivuke mchirizi. Nilimwonea babu huruma, lakini nilicheka hadi nikafukuzwa. Mchana kutwa babu alimletea wali, maji ya kunawa na mto wa kuegemea, na bibi akalalamika kwamba wali hauna chumvi. Alasiri ngoma zilipoanza kusikika barabarani, bibi aligeuza shingo kutazama huko. Babu akavaa kofia, akatoka. Alirudi akiwatangulia wapiga ngoma wote, akawasimamisha mbele ya baraza. Adhana ya Magharibi ilipotoka, bibi aliinuka akaingia ndani, mke wa mtu bado.

Nilipokuwa mtu mzima, mimi na mume wangu tulijenga nyumba ya mawe Ukunda. Mchoraji wa ramani alituambia upenu ni kupoteza nafasi, basi kuta zikapanda moja kwa moja na paa likakatwa hapo hapo. Ilikuwa nyumba nzuri, haikuvuja hata tone. Siku moja tuligombana, nikatoka kwa hasira nikitafuta mahali pa kuketi ili nibembelezwe. Hapakuwa na mahali. Hatua moja tu nikawa barabarani, watu wananitazama, nikaona aibu kurudi. Huu ni mwaka wa tatu naishi kwa dada yangu, huko Galu.