Kinyozi wa Rais na Uongo wa Kitunguu

Obadiah Fenn ndiye aliyekuwa kinyozi wa pekee wa Tolliver, mji wetu mdogo huku Ohio, nami nilikuwa nikishona matandiko ya farasi katika duka lililotazamana na lake. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Fenn alikuwa mrefu, mkimya, na kasoro yake ilikuwa moja tu: uongo haukumtoka mdomoni. Ukimwuliza kama nywele zimekukaa vizuri, atakutazama, atafikiri, kisha atakwambia nywele hazina shida, masikio ndiyo yanayoharibu. Wateja walikuwa wakiondoka wamenuna, na mkewe, Keturah, akiwafuata barabarani kuwabembeleza warudi.

Ambaye hakununa kamwe ni wakili Lysander Coyle. Alinyolewa na Fenn kila Jumanne na Ijumaa kwa miaka kumi na minane. Kisha chama chake kikashindwa kuchagua kati ya wakubwa watatu waliochukiana, kikamwokota Coyle, ambaye hakuchukiwa na mtu kwa kuwa hakujulikana na mtu. Novemba akachaguliwa kuwa Rais wa Marekani.

Haikupita wiki, mwandishi wa gazeti akashuka kituoni na daftari lake, akaja moja kwa moja kwa Fenn. Alitaka kujua vituko vya Rais. Fenn alifikiri sana, akajibu kwamba hana. Hukaa, hufumba macho, hunyolewa, huenda zake. Mwandishi akauliza kama huimba, au husema peke yake. Hapana.

"Kuna siku alipiga chafya," Fenn akasema, akijitahidi kumsaidia.

Keturah alikuwa nyuma akikunja taulo. Alipoona daftari linafungwa, aibu ya mji mzima ikamshukia yeye. Akajitokeza na kusema kwamba Bwana Coyle hawezi kuamua jambo lolote zito mpaka atafune kitunguu kibichi, kizima, kama mtu anavyokula tofaa. Fenn akafungua mdomo. Keturah akamkanyaga mguu.

Habari ile ilienea nchi nzima. Kila treni ya Rais iliposimama, watu walimnyooshea vitunguu dirishani wakasubiri aume, na mwanasiasa hakatai chakula cha mpiga kura. Waigaji nao wakazuka. Hakimu wetu alitafuna kimoja kabla ya kutoa hukumu. Mshtakiwa akaomba afungwe tu upesi, atoke mle ndani.

Fenn akakonda. Aliandika barua ya kuungama mara nne, na zote nne Keturah akawashia jiko.

Mwaka wa pili Rais alikuja kumzika shangazi yake. Ijumaa asubuhi akaingia kwa Fenn, akakaa kitini. Mimi nilikuwa nangoja zamu yangu, na naapa harufu ilitangulia kuingia. Fenn akampaka povu, akaweka wembe shingoni.

"Fenn," Rais akasema akiwa amefumba macho, "mimi kitunguu sikipendi tangu utotoni. Nani alianzisha maneno haya?"

Mwingine angesema hajui. Fenn akaondoa wembe kwanza.

"Mke wangu, mheshimiwa. Nami nilikuwepo, nikanyamaza."

Rais akafumbua jicho moja. Akapangusa povu lililomdondokea kifuani.

"Zamani watu walikuwa wakiganda ofisini kwangu mpaka adhuhuri, kila mmoja anamtafutia shemeji yake kazi ya posta. Siku hizi mtu hamalizi dakika tano, anaomba ruhusa akapunge hewa." Akalifumba tena lile jicho. "Mwambie Bi Keturah ahsante. Lakini asiongeze kingine."

Keturah, aliyekuwa nyuma ya mlango, akatoka akisema alikuwa na wazo moja dogo tu, la bata.

"Hapana," wakasema wote wawili.

Usiku ule Fenn alikula sahani mbili za viazi, na mwili ukaanza kumrudia. Coyle hakugombea tena. Alirudi kwenye uwakili wake na kwenye kiti kile, Jumanne na Ijumaa, mpaka macho ya Fenn yalipofifia. Hapo Keturah akauchukua wembe yeye mwenyewe. Mkono wake ulikuwa mzito, na mimi alinikata mara mbili, lakini kwa masimulizi yake watu walikuja kutoka miji mitatu, wakapanga foleni hadi mlangoni kwangu. Fenn alikaa dirishani akiota jua, pamba masikioni.